Kipande cha Pili cha Pamba

Kazi yetu ni kulaza watu. Tunatengeneza magodoro ya pamba, mimi, mke wangu na binti yetu. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha matatu upande wa jua. Asubuhi tukianza kuchambua pamba, nyuzi nyepesi hupanda hewani na kubaki huko. Hazina haraka ya kushuka. Jua likiingia unaziona zinaelea, na mtu akipita zinampisha, kisha zinarudi nyuma yake taratibu. Wateja wakikaa kidogo kwenye benchi husinzia. Mmoja alikuja kuulizia godoro la watoto, akalala mpaka saa nane mchana, akaamka, akatushukuru na kuondoka. Hata leo hajarudi kuchukua godoro.

Mimi nakipenda chumba hicho. Mke wangu husema nakipenda kupita kiasi, ndiyo maana nikiitwa sisikii. Sibishi. Mikono yangu hufanya kazi peke yake, na akili yangu hupanda juu na zile nyuzi. Nimeshona magodoro kwa miaka thelathini namna hiyo, nusu macho, nusu ndotoni.

Watu huniita Baba Kinyoya, kwa ajili ya binti yetu. Kinyoya si jina lake la shuleni. Alipokuwa mchanga tulimlaza kwenye rundo la pamba ili tupate kufanya kazi, naye akawa anaamka na vinyoya kwenye nyusi na puani. Jina likamganda. Sasa ana miaka kumi na tisa. Mkono wake wa kushona umeshaupita wangu, ingawa wakati ule sikuwa nimemwambia. Mtu akiniambia kazi yangu ina kasoro, nilikuwa nanuna siku mbili. Tabia mbaya, najua. Nilirithi kwa baba yangu pamoja na sindano zake.

Ngoja nieleze namna tunavyofanya kazi, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Godoro likishajazwa, lazima lipigwe mafundo, la sivyo pamba hukimbilia upande mmoja. Tunalilaza juu ya fremu ya mbao iliyo wazi katikati. Mmoja anakaa juu. Mwingine analala chali chini. Wa juu anasukuma sindano ipite ndani ya godoro, wa chini anaipokea na kuirudisha. Hawaonani. Kwa hiyo ipo sheria moja: kabla ya kusukuma, wa juu anagonga mara mbili, na wa chini anaondoa mkono. Sindano yenyewe ni ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na ncha yake ni bapa, kali kama kisu kidogo.

Siku hiyo nilikaa juu. Joto lilikuwa la kulegeza. Kutoka chini nilikuwa nasikia Kinyoya akiimba polepole bila maneno. Nikawaza sijui nini, labda kuhusu watu wote waliolala juu ya kazi yangu, na ndoto zao zote zimeenda wapi. Nikasukuma sindano. Sikugonga.

Kuimba kukakatika.

Alisema tu, "Baba, umenichoma."

Niliruka chini. Sindano ilikuwa imeingia kwenye mkono wake, chini kidogo ya kiwiko. Alipouvuta mkono kwa mshtuko, ile ncha bapa ikachana nyama. Kidonda hakikuwa kirefu, kama upana wa vidole viwili, lakini kilikuwa cha kwenda ndani, na damu ilikuwa inatoka bila kusita. Mke wangu alikuwa amekwenda kwa mteja. Tulikuwa wawili tu.

Sasa mimi ni fundi wa kujaza. Nikiona shimo, mkono wangu unatafuta pamba kabla sijafikiri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nikachagua pamba iliyokuwa nyeupe kuliko zote. Nikasokota kipande kimoja, nikakishindilia ndani ya kidonda kwa kijiti chetu cha kujazia pembe za godoro. Nikaongeza kipande cha pili juu yake. Nikafunga kwa kitambaa, nikakaza. Damu ikasimama. Nilijisikia fahari, na nasema hivyo kwa aibu. Nilimwambia Kinyoya aone kazi ya fundi.

Mke wangu aliporudi aliuliza kwa nini sikumpeleka zahanati akasafishwe na kushonwa. Nikamjibu kuwa zahanati ni ya watu wasio na fundi nyumbani. Kisha akaenda kuosha damu sakafuni.

Siku ya tatu nilifungua kitambaa. Nikavuta kipande cha pamba kilichokuwa juu, kimekauka na kuwa cheusi kwa damu. Nikaosha mkono. Midomo ya kidonda ilikuwa imeshikana vizuri. Hakuna usaha. Hakuna uvimbe. Hakuna harufu. Ungedhani kimeshonwa na mashine. Nikasema tena lile neno langu la kazi ya fundi.

Nilikuwa nimeingiza vipande viwili. Nilitoa kimoja. Sehemu moja ya kichwa changu iliijua hesabu hiyo. Sehemu nyingine ikasema labda vilishikana vikawa kimoja, labda kingine kimetoka na maji. Niliisikiliza hiyo ya pili kwa kuwa ilikuwa na maneno matamu.

Siku ya nne asubuhi, Kinyoya alikuwa kazini kama kawaida. Kabla ya adhuhuri alikuwa anatetemeka. Homa ilipanda upesi mno, kana kwamba ilikuwa imesubiri mlangoni. Akatapika. Akaanza kuhara. Alisema mwili wote unamuuma, hadi nyayo. Tukamlaza chumbani, mama yake akawa anamfuta kwa kitambaa chenye maji. Nilileta vidonge vya kutuliza homa. Nikasema ni homa hizi za msimu, kila nyumba inazo, atalala na kuamka mzima.

Ngozi yake ilikuwa imebadilika. Kifua, tumbo na shingo vilikuwa vyekundu, kama mtu aliyesimama karibu na tanuri. Nikasema ni joto. Macho nayo yalikuwa mekundu. Nikasema ni kulia.

Kinyoya hakuwa analia. Alikuwa anatazama dari. Alituambia pamba inashuka kutoka juu, nyingi, polepole, na haifiki chini. Alisema ni nzuri sana. Ndani ya chumba kile hapakuwa na pamba hata chembe. Mama yake aliangalia juu, akaniangalia mimi, akachovya tena kitambaa majini.

Mchana huohuo alikuja Hadubini kuchukua godoro lake. Ni jirani yetu, nyumba ya tatu. Anafanya kazi maabara ya hospitali kuu. Siku nzima huinamia hadubini, kile chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita hivyo. Ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye maneno ya pole na utani wa kuuma. Watoto wa mtaa humwita Shangazi. Alikuwa ameanza kunitania kwamba godoro lake limechukua muda mrefu kuliko mimba ya tembo, mara akasikia mtu anatapika chumbani. Akaacha utani katikati.

Aliingia. Akabonyeza tumbo la Kinyoya kwa kidole. Alipokiondoa, palibaki alama nyeupe, kisha wekundu ukarudi. Akatazama ulimi, akatazama macho. Akajaribu kumkalisha, na Kinyoya akataka kuzimia mikononi mwake. Hadubini akamlaza tena, akamwinulia miguu juu ya mto. Aliuliza maswali harakaharaka, na mke wangu akayajibu: homa tangu lini, ametapika mara ngapi, amekojoa leo au la. Kisha akauliza kama ana jipu, kidonda, au pamba ya hedhi ya kuwekwa ndani.

Nikasema ana kidonda kidogo, ila kimepona. Nilimwonyesha mwenyewe.

Alikitazama kwa karibu. "Kizuri mno," akasema, na hakusema hivyo kwa kukisifu. "Tunakwenda hospitali. Sasa hivi, si jioni."

Nakumbuka teksi kama kitu nilichokiona nikiwa chini ya maji. Mitaa ilipita polepole, watu walifungua midomo na sikusikia sauti. Kichwa cha Kinyoya kilikuwa mapajani mwa mama yake. Nilikuwa nimeshika viatu vyake.

Hospitali walimpokea upesi, kwa sababu Hadubini alikuwa anawajua na kwa sababu hali yake ilijieleza. Walimpima msukumo wa damu. Ulikuwa chini sana. Wakaweka maji ya dripu kwenye mikono yote miwili. Daktari alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini na macho yaliyokosa usingizi. Alipofika kwenye kidonda alisimama, akakigusa pembeni, kisha akanigeukia. Akaniita baba, kwa heshima zote.

"Kuna kitu chochote kiliingizwa humu ndani?"

Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu. Nilihisi macho yake kwenye shavu langu. Nikaifikiria miaka yangu thelathini ya ufundi.

"Hapana," nikasema. "Nilifunga tu kwa juu."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Kidonda kilikuwa kimefunga, kikavu, hakina dalili mbaya. Akahamia kooni, kifuani, tumboni, akitafuta chanzo mahali pengine. Waliagiza vipimo vya damu na mkojo. Sisi tukaambiwa tukae nje.

Benchi lilikuwa refu na baridi. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imeng'arishwa, na kila aliyepita alipita na kivuli chake kimepinduka chini ya miguu. Niliwatazama watu hao wa chini. Walikuwa wanakwenda na kurudi kimya. Nikatamani niwe mmoja wao, nisiulizwe kitu.

Mke wangu alimuuliza Hadubini ni mdudu gani anayemla mtoto wake.

"Si mdudu anayemla, Mama Kinyoya," Hadubini akasema. "Nadhani ni sumu. Wapo bakteria wanaokaa puani na kwenye ngozi zetu, wewe unao, mimi ninao, na kwa kawaida hawana neno na mtu. Lakini wengine, wakipata mahali pa kujificha, hutengeneza sumu na kuimwaga kwenye damu. Na sumu hiyo haimuui mtu yenyewe. Inaudanganya mwili wake ujipige."

Mke wangu akasema haelewi. Mwili utajipigaje? Hadubini akafikiri kidogo, akamwambia achukulie karakana yetu ina washonaji elfu kumi.

"Kila mshonaji amepewa uzi wa rangi yake peke yake, na haruhusiwi kusimama mpaka aonyeshwe kitambaa cha rangi hiyo. Mlangoni yupo mpokezi. Bakteria akiingia, mpokezi anakata kipande chake, anapita nacho kwa washonaji, mmoja baada ya mwingine. Huyu ni wako? Hapana. Huyu ni wako? Hapana. Mpaka anampata yule mmoja ambaye uzi wake unalingana. Huyo ndiye anayesimama. Anawaita wenzake wa kazi hiyo, wanaimaliza, wanakaa. Hiyo ndiyo kinga ya mwili. Hao washonaji ni chembe nyeupe za damu, na hata sasa hivi zinafanya kazi hiyo ndani yako bila wewe kujua."

Mke wangu akasema hiyo ni karakana nzuri kuliko yetu. Hadubini akatabasamu kidogo tu.

"Sasa hii sumu haina kipande cha kuonyesha. Inamshika mpokezi mkono, inamshika mshonaji mkono, inawafunga pamoja kwa nguvu. Mshonaji anadhani ameonyeshwa rangi yake. Anasimama. Wa pili anafungwa, anasimama. Badala ya mmoja katika elfu kumi, anaweza kusimama mmoja katika kila watano. Hesabu mwenyewe. Watu elfu mbili wamesimama chumba kimoja, kila mmoja na mkasi, na hakuna kitambaa cha kukata. Wanapiga kelele kuitana, na kila kelele inawasimamisha wengine. Mwishoni wanakata mapazia. Wanakata nguo zenu mlizovaa."

Alieleza kwamba hizo kelele ni kemikali ambazo chembe nyeupe hutumia kupeana habari. Zikiwa kidogo, zinatuponya. Zikimwagwa zote kwa mpigo, ndizo zinazoleta homa kali, kutapika, kuhara na ule wekundu wa ngozi. Mishipa ya damu nayo hulegea, kama kitambaa cha godoro kilichochakaa nyuzi, na maji ya damu yanavuja nje ya mishipa. Msukumo wa damu unaanguka. Figo, ini, moyo na ubongo vinabaki na kiu. Ndiyo maana akiinuliwa anazimia. Ndiyo maana hajakojoa.

Mke wangu aliuliza kwa sauti ndogo kama mtu hupona.

Hadubini alisema hupona wengi wanaowahi, na wanaochelewa hufa, tena kwa siku moja au mbili tu. Alisema hayo bila kupaka rangi. Maji ya dripu yanajaza kile kinachovuja. Dawa zinaua bakteria, na ipo dawa nyingine ya kuwazuia wasiendelee kutengeneza sumu. "Lakini mnaweza kujaza ndoo inayovuja mchana kutwa bila faida kama tundu halijazibwa," akasema. "Lazima pale walipojificha papatikane na pasafishwe. Na ni pagumu kupatikana. Hawahitaji kuwa wengi. Hawahitaji kuenea. Wanakaa sehemu ndogo kama harage na kutuma sumu tu, kwa hiyo kidonda kinaweza kuonekana kizima kabisa, bila usaha."

Mke wangu akauliza wanapenda kujificha wapi.

"Penye damu, joto, na kitu cha kukalia. Kitu kimesahaulika ndani, kimefunikwa juu. Pamba, kwa mfano."

Alilisema bila kunitazama. Sijui mpaka leo kama alikuwa amekisia. Mimi nilisikia neno hilo likishuka polepole, na safari hii likafika chini.

Nikaona kipande cha pili. Nilikiona wazi kuliko nilivyokuwa naona ukumbi ule. Nyeupe, nimekisokota mwenyewe, nimekichagua mwenyewe. Binti yangu alikuwa anakufa nyuma ya mlango ule, na daktari alikuwa anamtazama kooni kwa sababu mimi nilisema hapana. Niliogopa. Niliogopa kifo chake, na haki ya Mungu, niliogopa pia uso wa mke wangu. Nilikaa pale, sijui ni dakika moja au tano, nikipima hofu mbili hizo kana kwamba zina uzito sawa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo nimeisema maisha yangu yote nikiwasema wengine.

Nikasimama. Ule ukumbi ulikuwa mrefu. Nilimkuta daktari anaandika.

"Daktari, nilikudanganya," nikasema. "Kuna pamba ndani ya kidonda. Niliingiza vipande viwili nikatoa kimoja. Leo ni siku ya nne."

Nilitegemea anifokee. Hakufoka. Aliuliza kama ilikuwa pamba ya hospitali au ya godoro, na imeingia kina gani. Nikamwonyesha kwenye kidole changu. Alikuwa ameshasimama kabla sijamaliza. Akamwita muuguzi, wakaingia ndani, mlango ukafungwa.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote. Hakulia, wala hakunipiga, ingawa ningekubali.

"Ungesema saa ileile," akasema.

Hakuongea nami tena mpaka kesho yake.

Walifungua kidonda, wakaitoa ile pamba. Muuguzi alinionyesha kwenye kibakuli cha chuma. Kitu kidogo cha kijivu, si kikubwa kuliko harage. Walisafisha ndani kwa maji mengi, wakakiacha kidonda wazi chini ya bandeji safi. Kinyoya akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Dripu juu ya dripu. Dawa za kuua bakteria na ile ya kuzuia sumu, zote kwa mshipa. Usiku wenyewe nauruka. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali anaujua, na ambaye hajawahi, asiujue.

Asubuhi Hadubini alikuja kabla ya kuingia kazini. Alituletea habari kwamba msukumo wa damu umeanza kupanda, taratibu, lakini unapanda. Saa nne muuguzi akasema amekojoa. Sijawahi kufikiria kwamba mtu mzima kama mimi anaweza kulia kwa furaha kwa kusikia habari hiyo. Mke wangu alinipa ncha ya kanga yake nijifute. Nikajua nimesamehewa kidogo, si kwa yote.

Nilimuuliza Hadubini kwa nini mimi, ninayejichomachoma na sindano kila mwezi, sijawahi kuugua hivyo. Akasema watu wazima wengi miili yao imeshakutana na sumu hiyo kwa uchacheuchache na kuijua, kwa hiyo wana kinga yake. Wachache hawana, na hakuna anayejua yeye ni yupi. Tena mtu akiugua mara moja, asidhani hataugua tena. Inaweza kurudi. Na haiji kwa pamba ya kidonda pekee. Huja kwa pamba ya kuzuia damu ya pua ikiachwa siku nyingi, kwa pamba ya hedhi ya ndani isiyobadilishwa kwa saa zinazotakiwa, kwa jipu, kwa mtu aliyetoka kuungua au kupasuliwa. Ni ugonjwa wa nadra, akasema, usiwatie watu hofu nao. Watu wajue tu dalili zake: homa ya ghafla, wekundu wa ngozi, kutapika au kuhara, na kizunguzungu cha kuanguka. Zikija pamoja, hasa kwa mwenye kidonda hata kidogo, si za kusubiri nyumbani.

Kinyoya alirudi nyumbani siku ya kumi na moja, amekonda, sauti yake ndogo. Siku chache baadaye ngozi ya viganja vyake ilianza kubanduka, kisha ya nyayo. Ilitoka vipande vyembamba, vyeupe, karibu uone upande wa pili. Mimi nilikimbia pekupeku hadi kwa Hadubini. Akaja, akatazama, akasema hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyoaga, na ngozi mpya iko chini. Kinyoya alikaa dirishani kwa siku kadhaa akivitazama viganja vyake vikibadilika. Alisema anajisikia kama mtu aliyelala mahali pengine na kuamkia kwetu.

Karakana imebadilika. Kuna sabuni na ndoo ya maji yenye bomba karibu na mlango. Kuna sanduku lenye bandeji safi, limefungwa, na pamba ya magodoro haiingii humo. Mke wangu alijikata kidole mwezi uliofuata, nami nikafanya alivyonifundisha Hadubini. Nikakiosha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Nikabana juu ya kidonda kwa kitambaa safi mpaka damu ikasimama. Juu, si ndani. Nikafunika kwa bandeji, na kila siku tukaibadilisha na kuangalia. Kidonda kirefu kwenda ndani hatukigusi kwa ufundi wetu. Tunabana na kwenda zahanati. Na tukifika huko, tunasema kila tulichofanya, hata kile cha kijinga. Hasa kile cha kijinga.

Jambo moja lilikuwa limebaki. Kinyoya hakuwa amesikia nilichokisema kwa daktari, maana wakati ule hakuwa anasikia kitu. Mama yake alisema habari hiyo ni yangu, niitoe mwenyewe. Nikaahirisha. Nikaahirisha tena. Siku aliporudi kazini kwa mara ya kwanza tulikuwa tunashona pindo la godoro dogo, mimi upande mmoja, yeye upande wa pili. Jua lilikuwa limeingia. Nikamwambia yote: kwamba sikugonga, kwamba niliacha pamba ndani, kwamba niliulizwa nikasema uongo, na kwamba nilikaa kwenye benchi nikijua.

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa uzi. Akakata.

"Najua kuhusu pamba, Baba," akasema. "Nilikuwa naisikia imo ndani tangu siku uliyotoa ile ya kwanza."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umefurahi sana. Ukaniambia nione kazi ya fundi. Nikaogopa kukuaibisha, ungenuna."

Mtoto alikuwa amebeba kipande kile siku nzima, anakihisi, na alinyamaza ili nisinune. Niliweka sindano chini. Nikamwomba msamaha, si kwa pamba, kwa hilo la kununa. Akasema yameisha. Kisha akaniangalia kwa jicho la pembeni na kuniambia, kwa kuwa sasa inaruhusiwa, kwamba pindo langu limepinda tangu katikati.

Lilikuwa limepinda kweli. Nikalifumua mbele yake. Siku hizi namwuliza kila siku nimekosea wapi, naye ananitajia. Jana alinitajia makosa sita kabla ya chakula cha mchana, nami nikayarekebisha yote.